Kwa nini Emily hakufa: uchambuzi wa kisa cha Carl June na seli za CAR-T

Aprili 17, 2012, katika Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, Marekani, mtoto wa miaka sita aitwaye Emily Whitehead alianza kurudishiwa seli zake mwenyewe kwa dripu. Zilikuwa zimechujwa kutoka kwenye damu yake wiki kadhaa kabla, zikapelekwa maabara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, zikapachikwa jeni mpya, zikazalishwa hadi zikawa mamilioni kwa mamilioni. Dozi iligawanywa kwa siku tatu. Haukupita muda Emily akawa mahututi. Homa ilipita nyuzi 40, shinikizo la damu likaporomoka, mapafu yakagoma, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Wazazi wake waliambiwa wajiandae kwa lolote.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama muujiza, na mimi naona kukisimulia hivyo ni kuwadhulumu waliokifanyia kazi. Jeni iliyopachikwa kwenye seli za Emily ilitoka kwa watafiti wa saratani, ni kweli. Lakini namna ya kuzizalisha seli hizo ilipatikana kwenye maabara ya jeshi la majini iliyokuwa ikichunguza Ukimwi. Chombo kilichoingiza jeni hiyo kilitengenezwa kutokana na VVU. Na dawa iliyomvusha usiku ule ilikuwa dawa ya baridi yabisi. Mtu mmoja alikuwa ameyagusa mambo hayo yote matatu, Profesa Carl June, na njia yake ya miaka karibu thelathini, pamoja na vipande vyake vilivyoonekana kama kupotea, ndiyo inayoeleza kwa nini mtoto yule alipona.

Mtoto na ugonjwa wake

Emily anatoka Philipsburg, mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania. Mwaka 2010, akiwa na miaka mitano, aligundulika kuwa na lukemia kali ya limfosaiti, saratani ya damu inayowapata watoto wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Katika nchi zenye hospitali zilizokamilika, zaidi ya watoto wanane katika kila kumi wenye ugonjwa huu hupona kwa tibakemikali, kwa hiyo madaktari walikuwa na kila sababu ya kuwapa wazazi wake matumaini. Ugonjwa ukaondoka, kisha ukarudi. Wakapanga kumpandikizia uboho. Kabla ya siku ya upandikizaji kufika, ukarudi tena.

Hapo ndipo familia nyingi huambiwa hakuna zaidi. Uboho haupandikizwi vizuri kama saratani haijatulizwa kwanza, na dawa zilizobaki zinamchosha mtoto bila kuimaliza. Katika Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, daktari Stephan Grupp alikuwa anaanza jaribio la tiba ambayo hakuna mtoto aliyekuwa ameipata katika mpango huo. Watu wazima waliokwisha kuipokea huko Pennsylvania walikuwa wachache mno. Wazazi wakakubali.

Tiba yenyewe inafanya kazi hivi. Damu hupitishwa kwenye mashine inayochuja seli nyeupe na kurudisha mwilini sehemu iliyobaki. Kati ya seli nyeupe hizo, zinazotafutwa ni seli T, zile zinazotambua na kuua seli zilizoambukizwa au kuharibika. Lukemia ya Emily ilitokana na seli B, seli nyeupe za aina nyingine ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, na karibu seli B zote hubeba juu ya utando wao protini iitwayo CD19. Maabara huingiza kwenye seli T jeni ya kipokezi cha kubuni. Sehemu yake ya nje imeazimwa kutoka kwenye kingamwili inayoshika CD19, na sehemu ya ndani ina vipande viwili: kimoja kinaiamuru seli kuua, kingine kinaipa uwezo wa kuzaliana na kudumu. Kipokezi hicho ndicho CAR, na seli iliyokipata huitwa CAR-T. Ikikutana na CD19 inaua, inajigawa, na kizazi chake hurithi kipokezi kilekile.

Kwa hiyo kiasi anachowekewa mgonjwa sicho kitakachofanya kazi mwilini. Kidonge hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Seli hizi huongezeka. Daktari hawezi kukadiria kwa uhakika zitafika ngapi, wala lini zitasimama.

Carl June hakukibuni kipokezi hiki, naye hajawahi kuhitaji kusifiwa kwa jambo lisilo lake. Wazo la kuipa seli T macho ya kingamwili lilitoka kwa Zelig Eshhar na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, mwaka 1989. Michel Sadelain na kundi lake mjini New York walionyesha mwaka 2003, kwenye panya, kwamba CD19 ni shabaha inayofaa. Na muundo uliotumika kwa Emily ulitokana na kazi ya Dario Campana akiwa Hospitali ya St. Jude, Memphis; hospitali hiyo na Chuo cha Pennsylvania walifikishana mahakamani juu ya haki za muundo huo hadi walipoelewana mwaka 2015. June alichofanya ni kukitoa kipokezi kwenye karatasi na kwenye panya, akakifikisha kwa mgonjwa kikiwa na nguvu. Wengi waliojaribu kabla walikwama hapo hapo: seli zao ziliingia mwilini, zikachoka, zikatoweka.

Miaka ya jeshini

June alizaliwa mwaka 1953 na kukulia sehemu za magharibi mwa Marekani. Alipomaliza sekondari mwaka 1971, vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea na vijana walikuwa wakiitwa jeshini kwa bahati nasibu. Namba yake ilikuwa mbaya. Akaiacha nafasi ya Stanford, akajiunga na Chuo cha Jeshi la Majini huko Annapolis. Baadaye jeshi lilimsomesha udaktari katika Chuo cha Baylor, Houston, na katika masomo hayo alipata muda Geneva, kwenye maabara ya Shirika la Afya Duniani, akichunguza kinga ya mwili dhidi ya malaria.

Mwaka 1983 jeshi likampeleka Seattle, Kituo cha Fred Hutchinson, kwa E. Donnall Thomas, daktari aliyefungua njia ya upandikizaji wa uboho na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Sababu ya jeshi ilikuwa ya kijeshi kabisa. Enzi zile za Vita Baridi waliogopa manowari za nyuklia na mabomu, na mionzi mikali huua uboho, hivyo walitaka madaktari wanaojua kuurudisha. June alikwenda kujifunza hilo, akaona kingine. Wagonjwa wa lukemia waliopandikizwa uboho wa mtu mwingine wakati mwingine walipona kwa sababu seli T za mchangiaji ziliishambulia saratani. Seli hizohizo ziliweza pia kumshambulia mgonjwa mwenyewe, ngozi, utumbo na ini, hadi kumuua. Kwamba seli T zinaweza kumaliza lukemia ya binadamu lilikuwa jambo lililothibitishwa wodini. Kuziongoza zimalize lukemia peke yake, hakuna aliyejua afanyeje.

Aliporudi Bethesda mwaka 1986 kwenye taasisi ya utafiti ya jeshi la majini, alitamani kuendelea na saratani. Jeshi halikuwa na haja nayo. Linachohitaji jeshi ni kuponya majeruhi na kuzuia maambukizi, na mwaka huo ambukizo lililokuwa likimtisha kila mtu ni VVU. Basi June akafanya VVU. Ukiisoma orodha ya kazi zake za miaka ile bila kujua kilichofuata, utadhani ni mtu aliyeng'olewa kwenye fani yake akapandwa kwingine.

Tatizo la VVU ni seli T zinazokwisha. June, pamoja na Bruce Levine aliyejiunga naye miaka ya mwanzo ya 1990, alitaka kuzitoa seli T za mgonjwa, kuzizalisha nje, na kumrudishia. Lakini seli T hazikui ovyo maabarani. Zinahitaji ishara mbili kwa wakati mmoja: ya kwanza kupitia kipokezi chao cha kawaida, ya pili kupitia protini iitwayo CD28. Ukizipa ya kwanza bila ya pili, zinalegea na kunyamaza. Mwilini ishara zote mbili hutolewa na seli maalumu ambazo ni ngumu kuzipata kwa wingi na hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Walichofanya ni kuziacha kabisa seli hizo. Walichukua shanga za sumaku, ndogo kiasi cha kukaribiana na ukubwa wa seli yenyewe, zilizotengenezwa kwa teknolojia ya Norway, wakazipaka kingamwili za aina mbili, moja ya CD3, sehemu ya kipokezi kile cha kawaida, na nyingine ya CD28. Shanga na seli T zinawekwa pamoja kwenye mfuko wenye maji ya lishe na kutikiswa polepole ndani ya kabati la joto. Seli inaing'ang'ania shanga, inapata ishara zote mbili, inanenepa, inaanza kugawanyika. Siku kama kumi baadaye mfuko unapitishwa kwenye sumaku. Shanga zinabaki, seli zinapita. Ukimuuliza fundi wa maabara ya CAR-T leo siku yake inaanzaje, mara nyingi jibu litapitia kwenye shanga hizi au ndugu zake wa karibu.

Mwaka 1996 walichapisha kwenye jarida la Science jambo ambalo hawakulitarajia: seli T zilizokuzwa kwa shanga hizo zilikuwa ngumu kuambukizwa VVU. Mwaka uliofuata walionyesha sababu: zilipunguza CCR5, mlango mmojawapo ambao virusi hivyo hutumia kuingilia. Na katika miaka hiyohiyo ya 1990 wagonjwa wa VVU walipewa seli T zenye kipokezi cha kubuni kilicholenga VVU. Hazikuwaponya. Lakini wagonjwa 43 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na ripoti iliyotoka mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika asilimia 98 ya sampuli seli hizo bado zilikuwemo, hata miaka 11 baadaye, na hakuna saratani iliyotokana nazo. Majaribio hayo kama tiba ya VVU yalishindwa. Kama jibu la swali kwamba seli iliyobadilishwa jeni inaweza kuishi ndani ya mtu bila kumdhuru, yalikuwa na thamani isiyokadirika.

Philadelphia

Mwaka 1996 mke wake, Cynthia, aligundulika kuwa na saratani ya ovari. June alitafuta kila tiba ya kinga iliyokuwa kwenye majaribio. Moja aliipata, nyingine aliyoiamini zaidi, kingamwili ya kuachia breki za seli T, hakufanikiwa kuipata. Mkewe alifariki mwaka 2001. Yeye mwenyewe ameeleza hadharani kwamba msiba huo ndio uliomwondoa moja kwa moja kwenye VVU na kumweka kwenye saratani. Wakati huo alikuwa ameshaondoka jeshini na kuhamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 1999.

Mwaka huohuo, Septemba, katika chuo hichohicho, kijana wa miaka 18 aitwaye Jesse Gelsinger alifariki siku chache baada ya kuchomwa virusi vilivyobeba jeni ya kutibu ugonjwa wake wa ini. Halikuwa jaribio la June. Lakini kifo hicho kilitikisa fani nzima ya tiba ya jeni duniani, majaribio yakasimamishwa, wafadhili wakakimbia. Mtafiti yeyote wa jeni aliyefanya kazi Pennsylvania baada ya hapo alifanya kazi chini ya kivuli chake. Msomaji alishike hili, maana bila hilo hawezi kuelewa uzito wa siku za Aprili 2012.

Ndani ya kivuli hicho kundi la June lilichukua hatua ambayo hata leo inahitaji kupumua kwanza kabla ya kuieleza kwa mgonjwa wa Nairobi au Mwanza: walitumia VVU kama chombo cha kupeleka jeni. VVU vina uwezo mmoja wa kipekee, kupenya kwenye seli T na kupachika jeni zao ndani ya vinasaba vyake moja kwa moja. Ukiondoa sehemu zinazoviwezesha kuzaliana na kuleta ugonjwa, unabaki na kibebaji kinachoingia mara moja na kukoma hapo. Mgonjwa hawezi kupata Ukimwi kutokana nacho. Mwaka 2003 walikijaribu kwa binadamu kwa mara ya kwanza, kwa watu wanaoishi na VVU, na hakikuleta madhara. Eneo letu limezika watu wengi mno kwa virusi hivi. Kujua kwamba maganda yake sasa yanapeleka uhai kwenye damu ya watoto kunanigusa kwa namna ambayo sitajaribu kuificha.

Kilichokosekana ni pesa. Maombi ya ruzuku ya serikali ya kupeleka tiba hii kwa wagonjwa wa saratani yalikataliwa, na waliosogeza mkono ni shirika dogo la hisani lililoanzishwa na familia iliyofiwa kwa saratani. Kwa fedha hizo, mwaka 2010, June na daktari David Porter waliwatibu watu wazima watatu wenye lukemia sugu ya limfosaiti. Wa kwanza alikuwa askari magereza mstaafu. Siku kama kumi baada ya kuwekewa seli alipandwa na homa kali, akatetemeka, shinikizo likashuka, na madaktari wakadhani ana maambukizi. Ilikuwa ni vita ya seli T na saratani. Homa ikaondoka, na saratani ikawa imeondoka nayo. Wawili kati ya watatu walipona kabisa, na kwa hesabu za maabara kila seli moja ya CAR-T, pamoja na kizazi chake, ilikuwa imeua wastani wa angalau seli 1,000 za saratani. Fedha zikaisha. Wakachapisha walichonacho Agosti 2011, wagonjwa watatu tu, na simu kutoka kila pembe ya dunia hazikukoma.

Usiku wa uamuzi

Emily alipokea tiba ileile, ila ugonjwa wake ulikuwa mkali zaidi na uboho wake umejaa lukemia. Shabaha nyingi kiasi hicho zilizichochea seli T kuzaliana kwa kasi, na mwili mzima ukapata joto la mapambano. Mkulima anayechoma magugu ya shambani anajua moto ukivuka mpaka unakula na nyumba, ndivyo ilivyokuwa. Seli zinapopigana humwaga protini za kuitana ziitwazo saitokini, na zikizidi, mishipa inavuja, shinikizo linaanguka, mapafu yanajaa maji.

Alipewa steroidi, dawa zinazotuliza kinga ya mwili, haikutosha. Na steroidi zina ubaya wake katika hali hii, kwa kuwa ukizitumia kwa kiwango kikubwa unaweza kuziua hizo seli T zilizokuja kumponya. Madaktari walikuwa kati ya mambo mawili mazito: kuokoa mtoto leo na kuipoteza tiba, au kuilinda tiba na kumpoteza mtoto.

June baadaye ameeleza kwamba aliandika barua pepe kwa kiongozi wa taaluma wa chuo, akimjulisha kuwa mtoto wa kwanza kwenye jaribio anaelekea kufa. Aliiandika, hakuituma. Miaka karibu 13 baada ya Gelsinger, chuo kilekile, mtoto mdogo zaidi. Sidhani kama kuna mtu angehitaji kumwambia maana yake. Jaribio lingefungwa, na hakuna kampuni ingeigusa fani hii kwa miaka mingi.

Kilichofanyika badala yake ni kupima. Kutokana na homa za wale watu wazima walikuwa wamejifunza kufuatilia saitokini, wakapeleka damu ya Emily maabara na kuomba majibu haraka. Majibu yalirudi yakionyesha moja iitwayo IL-6 imepanda takriban mara elfu juu ya kawaida. June alipoliona jina hilo alilifahamu kutoka kwingine kabisa. Binti yake alikuwa na baridi yabisi ya utotoni, na kwa ajili yake alikuwa akifuatilia dawa mpya za ugonjwa huo. Mwaka mmoja tu kabla, Aprili 2011, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilikuwa imeidhinisha tosilizumabu kwa watoto wenye aina moja ya baridi yabisi. Kazi ya tosilizumabu ni kuziba kipokezi cha IL-6.

Daktari wa saratani wa kawaida asingekuwa na sababu ya kuijua dawa hiyo. Haikuwemo kwenye mwongozo wowote wa lukemia, na hakuna aliyekuwa ameitumia kwa hali kama hii. Grupp aliiagiza. Emily alipewa, na ndani ya saa chache homa ikaanza kushuka, shinikizo likapanda, mashine ikaanza kupunguzwa. Alizinduka siku aliyotimiza miaka saba, Mei 2. Siku nane baadaye, Mei 10, vipimo vya uboho vikaonyesha hakuna lukemia.

Kwa nini tosilizumabu haikuziua seli T zenyewe? Jibu kamili lilikuja mwaka 2018, pale makundi mawili, moja la New York na jingine la Italia, yalipoonyesha kwa panya kwamba sehemu kubwa ya IL-6 haitolewi na seli T. Inatolewa na makrofaji, seli nyingine za kinga zinazochochewa na vita hiyo. Ukiziba IL-6 unatuliza makrofaji huku seli T zikiendelea na kazi. Mwaka 2012 hakuna aliyelijua hilo kwa hakika. Walibahatisha kwa akili.

Ndiyo, kulikuwa na bahati. Binti mwenye ugonjwa ule, dawa iliyotoka mwaka mmoja kabla. Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuishia hapo. Lakini bahati hiyo ilihitaji mtu ambaye damu ya mgonjwa wake ilikuwa imeshapimwa, aliyejua nini cha kupima kwa kuwa alikuwa amewasikiliza wagonjwa watatu wa mwanzo. Kama wale watu wazima wangetibiwa homa zao kama maambukizi na habari ikaishia hapo, IL-6 isingeombwa.

Baada ya hapo

Agosti 2012 kampuni ya Novartis iliingia mkataba na chuo. Mwaka 2014 ripoti ya wagonjwa 30, watoto na watu wazima, ilionyesha 27 lukemia imeondoka kabisa. Agosti 30, 2017, FDA iliidhinisha tiba hiyo kwa jina la Kymriah, tiba ya kwanza ya jeni kuidhinishwa nchini Marekani, na siku hiyohiyo ikaidhinisha tosilizumabu kwa dhoruba ya saitokini inayosababishwa na CAR-T. Emily ni mtu mzima sasa, na saratani haijarudi.

Mtoto wa pili aliyeripotiwa pamoja na Emily kwenye makala ya mwaka 2013 hasimuliwi sana. Naye alipona kwanza. Baada ya miezi kama miwili lukemia ilirudi, na seli zilizorudi hazikuwa na CD19. Saratani ilikuwa imeivua protini iliyokuwa ikitafutwa, na seli T zikapita kando yake bila kuiona. Njia hiyo ya kukwepa imekuwa sababu kubwa ya tiba hii kushindwa kwa watoto hadi leo, na inafanya watafiti wengi sasa walenge protini mbili kwa pamoja. Makala ile iliwaweka wote wawili kwenye ukurasa mmoja, na huo ndio uaminifu wa kisayansi ninaouheshimu kuliko picha zozote za gazetini.

Kuna na gharama nyingine. Seli za CAR-T haziwezi kutofautisha seli B mbaya na nzuri, kwa hiyo huzimaliza zote. Watoto wengi waliopona wanahitaji kuongezewa kingamwili kwa dripu kwa muda mrefu. Na mwaka 2024 FDA ililazimisha onyo kwenye dawa za aina hii baada ya wagonjwa wachache kupata saratani za seli T. Ni wachache, na kwa mtu mwenye lukemia iliyokataa dawa zote mizani bado inaelemea kwenye tiba, lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa.

Bei ndiyo inayoniuma zaidi. Kymriah iliingia sokoni kwa dola 475,000 kwa dozi moja, bila kuhesabu kitanda, ICU na tosilizumabu. Kwa hospitali zetu hiyo si bei, ni mlango uliofungwa. Ndiyo maana habari ya Oktoba 2023 kutoka India ni kubwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuliko tuzo zote alizopata June. Mamlaka ya dawa ya India iliidhinisha NexCAR19, CAR-T iliyotengenezwa na watafiti wa chuo cha teknolojia cha IIT Bombay pamoja na Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, kwa bei ya takriban moja ya kumi ya zile za Marekani. India ndiko wanakopelekwa kwa rufaa wagonjwa wengi wa saratani kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Bado ni fedha nyingi kwa familia yoyote ya kawaida, lakini imethibitisha kwamba sehemu kubwa ya bei ile ya Marekani haikutokana na ugumu wa kazi. Shanga, mfuko, kibebaji, sumaku: ni ujuzi unaohamishika. Muhimbili na Benjamin Mkapa ya Dodoma tayari zinapandikiza uboho, na nchi inayoweza kumtunza mgonjwa asiye na seli nyeupe kwa wiki kadhaa imeshajenga nusu ya wodi inayohitajika.

June mwenyewe, mwaka 2024, aligawana Tuzo ya Breakthrough na Sadelain. Kazi ambayo hajaimaliza ni ile iliyomtoa kwenye VVU. Saratani za viungo, kama ya ovari, hazina CD19. Protini zake nyingi zinapatikana pia kwenye viungo vizima, uvimbe wenyewe umejizungushia seli zinazozima kinga, na seli T zinazofika huchoka haraka. Kundi la Pennsylvania lilijaribu CAR-T inayolenga protini iitwayo mesothelini kwa wagonjwa 15 wa saratani za kongosho, ovari na utando wa mapafu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha seli zilivumiliwa mwilini, ila hazikudumu, na matokeo bora waliyopata yalikuwa uvimbe kutulia kwa muda bila kupungua. Majaribio mapya yanaendelea, yakiwemo ya seli zilizokatwa jeni zinazoleta uchovu, na hakuna CAR-T hata moja iliyoidhinishwa kwa saratani ya ovari.